Paji Lililoshuka

Walikuja asubuhi na rula na kalamu ya zambarau.
Daktari Oguda akanichorea pua kwenye paji la uso,
kichwa chini, kama popo aliyelala.
"Itatoka hapa," akasema. "Hatuagizi ng'ambo."
Nikacheka, na hewa ikapita tunduni
kwa mlio wa chupa tupu.

Pua yenyewe ilibaki Malava,
uani kwa kinu chetu, kwenye makapi ya miwa.
Aliyeing'oa ni Lumbasi, wa tumbo moja nami,
kwa meno yake.
Si shamba, si mke.
Magunia matatu ya sukari guru
na mizani ambayo hakuna aliyeiamini.
Tulitafuta kwa tochi.
Kuku walikuwa wametutangulia.

Mama alituonya mapema:
pesa za kinu zitawatokea puani.
Hakusema pua ya nani.

Miezi minane nikajifunika leso ya mke wangu.
Watoto wa shule wakaniita Soketi.
Wateja walinilipa huku wakitazama viatu vyangu
kana kwamba navyo vinauzwa.

Lumbasi alifika wodini, Kisumu, siku ya Jumatano.
Alibeba ndizi. Hakuketi.
Akamwambia daktari, "Nikate mimi. Mimi ndiye ninayedaiwa.
Paja, tako, popote. Nina nyama nyingi."
Daktari akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.
"Mwili wake utaikataa ngozi yako.
Utakuwa mgeni siku mbili. Ya tatu hupewi hata jembe,
unafukuzwa."
Ndugu yangu akazitazama ndizi zake.
Sijawahi kuona damu ikimkana mtu
kwa sauti ya upole namna ile.

Basi wakanivuna mwenyewe.
Gegedu kutoka ubavuni, likachongwa
kwa subira ya fundi wa mipini.
Ngozi ya paji wakaikata pande tatu,
wa nne, karibu na nyusi, wakauacha
ili damu ipate njia,
kisha wakaipindua na kuishusha.
Wiki tatu nilikuwa na mkonga.
Nesi Nanjala akanipa kioo kwa masharti:
sekunde kumi, usiguse.
Nilihesabu hadi nne.

Wahenga walisema kata pua uunge wajihi.
Mimi nilikata wajihi nikaunga pua.

Siku ya ishirini na mbili walilikata lile daraja.
Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyenidokezea:
inzi akitua puani, nawashwa pajini.
Tone la mvua likigonga ncha,
naangalia juu ya nyusi nione panavuja wapi.
Ngozi haijapata habari kwamba imehama.
Usiku mke wangu hunigusa pua kwa kidole chenye unga,
nami nahisi napakwa pajini,
kama mtoto anayebatizwa.
Tena kuna nywele mbili, za ukoo wa juu,
zinazoota pale zisipoalikwa.
Nazinyoa Jumapili.

Nimerudi kinuni.
Sukari guru haipikwi kwa saa, hupikwa kwa harufu:
kwanza nyasi mbichi,
halafu ndizi iliyopitiliza kuiva,
halafu, kwa pumzi mbili tu, mkate unaotaka kuungua.
Hapo ndipo unavuta kuni.
Niliogopa kwamba hata hilo lililiwa na kuku.
Daktari alisema harufu hukaa juu, ndani kabisa,
meno hayafiki huko.

Lumbasi yuko ng'ambo ya pili ya karai, ameshika mwiko.
Mikono yake inajua kukoroga.
Pua yake, nzima, haijawahi kujua lolote;
tangu ujana yeye huunguza.
Hatujasema neno kuhusu yale magunia.
Mvuke unanipiga usoni.
Najikuna paji.
"Bado," namwambia.

Anangoja.